Gari la Nyayo na Probox ya Rangwe

Mwaka 1986, Rais Daniel arap Moi aliwapa wahandisi wa Chuo Kikuu cha Nairobi kazi moja: tengenezeni gari. Likiwa na sura mbaya, sawa. Likienda polepole, sawa. Bora liwe letu. Februari 1990 magari yenyewe yakaonyeshwa Kasarani. Yalikuwa matano, yakaitwa Nyayo Pioneer, na kwenye majaribio yalifika kilomita 120 kwa saa. Kwa hivyo polepole hayakuwa. Sura, hiyo tuwaachie wenye macho.

Kizazi chetu kinalijua gari hilo kama utani. Mtu akisema Kenya itaunda kitu, simu, ndege, chochote, kuna mwenzake atauliza: kama lile gari la Nyayo? Nimeusikia utani huo kwa gereji, kwa matatu na hata darasani, enzi zile nilikuwa bado na darasa, kabla karo haijakatika nikiwa mwaka wa pili wa uhandisi.

Nyumbani Rangwe utani huo ulikuja kuwa kesi. Dada yangu mdogo amemaliza shule ya upili na anataka uhandisi wa mitambo. Baba ni fundi wa magari, zaidi ya miaka thelathini chini ya magari ya watu, na hakuwa anacheka alipomwambia: "Nyathina, nchi ambayo gari moja iliishinda itakuajiri uiundie nini?" Dada akasema basi twende Nairobi tuone lilipoundwa. Baba akaazima Probox ya rafiki yake, tukaondoka saa kumi alfajiri, watu watano. Kwa Probox ya kwetu, watano ni gari tupu. Mama alibeba nyoyo kwenye ndoo ndogo, na tukafika Kisii utani wa kula nyoyo tukienda kuona Nyayo ukiwa umeshachosha kila mtu.

Pale Sotik, kwenye njia inayokata kwenda Kericho, baba alipunguza mwendo. "Huko ndiko alikotoka Joginder," akasema. Joginder Singh alizaliwa Kericho mwaka 1932, akajifunza ufundi katika gereji kabla ya kuwa dereva wa mashindano. Safari Rally ilikuwa imeanza mwaka 1953, na kampuni kubwa za Ulaya zilikuwa zikileta magari yao kuyajaribu kwa matope na vumbi letu. Mwaka 1965 Joginder na ndugu yake Jaswant wakaishinda wakiwa na Volvo PV544 iliyokwisha kutumika. Mtumba, kwa lugha yetu. Akashinda tena 1974 na 1976 akiendesha Mitsubishi Lancer. Ukienda makumbusho ya Porsche kule Stuttgart utakuta magari ya 911 yenye sifa za Safari Rally, ilhali Porsche haikuwahi kuishinda mbio hiyo hata mara moja ilipokuwa ya dunia. Wenzetu wanaweka hata gari lililoshindwa kwenye jumba la kioo, wanalipiga msasa, wanauza tiketi.

Tukapita Bomet, Narok, Mai Mahiu, tukaingia Nairobi mchana. Makumbusho ya Reli yako hapo tangu 1971, na mama alipendezwa sana na lile behewa ambamo simba alimuua Charles Ryall kule Kima mwaka 1900. Baba alibaki kwenye injini za mvuke za Garratt, zilizoundwa Manchester miaka ya 1950. Akainama, akachungulia fimbo za magurudumu, akamwita dada. "Unaona hizi? Zikiharibika hapa, Mwingereza hakuwa anangojwa. Zilichongwa hapa hapa."

Hapa hapa ni karakana kuu za reli, na ndani ya eneo hilo ndiko iliko Numerical Machining Complex. Jina refu, lakini historia yake ni fupi: ni mtoto wa Nyayo Motor Corporation, shirika lililoundwa ili magari yale matano yageuke maelfu. Pesa hazikupatikana. Novemba 1991 wafadhili walisimamisha misaada kwa Kenya, kisha soko likafunguliwa na magari yaliyotumika ya Japani yakamiminika kupitia Mombasa. Shirika likabadilishwa jina, likaachwa na kazi ya kuchonga na kuyeyusha vyuma na kutengeneza vipuri vya viwanda. Si mahali pa kutalii. Tulisimama barabarani, tukaangalia paa za mabati na ukuta, basi.

Mimi nilidhani baba atasema, si niliwaambia? Lakini alianza kuongea juu ya Februari ile ya 1990. Alisema kwetu hakuna aliyekuwa na hamu ya gari. Robert Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje, alikuwa amepatikana ameuawa karibu na kwake Koru, tarehe 16 mwezi huo huo. Watu walikuwa matangani. Gari lenye jina la Nyayo lilipotoka, alisema, ukilicheka ulijua unacheka nini hasa.

Hilo silijawahi kulisoma mahali. Nadhani utani wetu ulirithiwa na hasira yake ikaachwa nyuma. Sisi tunawacheka mafundi, na wao kazi yao waliimaliza: walitakiwa kuunda gari, wakaunda matano, yakatembea. Kilichokwama ni kile kinachokuja baadaye: mtaji, soko, na mtu wa kulinunua gari la elfu moja. Mobius nao walipambana na hilo hilo, na mwaka 2024 wakatangaza kufunga. Uganda walianza kama sisi, na gari la wanafunzi na walimu wa Makerere, Kiira EV, mwaka 2011, lakini serikali yao haikulitupa wazo. Leo kuna kiwanda Jinja.

Baba aliweka vizuri kuliko mimi. "Gari moja hata mimi naweza," alimwambia dada njiani. "Kazi ni bushi elfu kumi, zote sawa, na ya mwisho iwe kama ya kwanza."

Dada akamuuliza hiyo bushi anainunua wapi sasa hivi. Kisumu, baba akasema. Na Kisumu wanaitoa wapi? Dubai. Na Dubai? Baba hakujibu. Alikuwa akiipita lori pale Narok, au alijifanya.

Wiki iliyofuata dada alijaza uhandisi wa mitambo, chaguo la kwanza. Karo bado hatujajua itatoka wapi. Baba ameanza kumwekea bushi zilizokwisha, kwenye mkebe wa rangi, azipime.