Andika Wakati wa Njaa

Juzi nilikuwa namjazia bibi yangu fomu. Tulipofika kwenye tarehe ya kuzaliwa akanijibu bila wasiwasi: "Andika wakati wa njaa, mjukuu wangu." Njaa ipi, hakumbuki. Tukabuni mwaka, tukaendelea. Lakini jambo lile likanikaa moyoni, nikaanza kusoma jinsi Waingereza wanavyowapata mababu zao wa miaka 400 iliyopita.

Siri yao ni vitabu vya parokia. Mwaka 1538 Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila padri aandike kila wiki ubatizo, ndoa na maziko. Kitabu kikae kwenye sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja wa padri, mwingine wa wazee wa kanisa. Watu walinung'unika, wakihisi kodi mpya inanukia. Usajili wa serikali wa vizazi na vifo ulianza mwaka 1837 tu. Babu wa kabla ya hapo unamtafuta kanisani.

Mfano mzuri ni Abraham Lincoln. Mwaka 1859, kabla hajawa rais wa Marekani, alieleza kwa maandishi kwamba ukoo wake ulitoka Pennsylvania. Waliojaribu kuuunganisha na akina Lincoln wa kaskazini mashariki mwa nchi, akasema, hawakupata zaidi ya majina kufanana: Mordecai, Levi, Abraham.

Kumbe majina yale ndiyo yalikuwa njia. Watafiti waliofuata walipanda kizazi kwa kizazi hadi kwa Samuel Lincoln, wa sita kurudi nyuma ukianzia kwa baba yake rais. Samuel alihamia Massachusetts mwaka 1637. Mwanawe aliitwa nani? Mordecai! Na Samuel mwenyewe yumo katika kitabu cha kanisa la kijiji cha Hingham, Norfolk: alibatizwa Agosti 1622.

Hapo kuna kichekesho. Orodha ya wasafiri inampa Samuel miaka 18. Ukihesabu kutoka ubatizo, alikuwa na kama 15. Kumbe kuchezea umri hakukuanza na timu zetu za vijana! Ndiyo maana karatasi moja haitoshi. Lazima ipambanishwe na nyingine, kama tunavyofanya chumba cha habari.

Lincoln aliuawa mwaka 1865 akiwa hajui habari ya mstari ule wa Hingham. Ulikuwepo muda wote, kwa sababu mtu mmoja wa kijijini alifanya kazi yake siku ile.

Jumamosi naenda kwa bibi na kaunta buku. Sitamuuliza mwaka. Nitamuuliza nani alikuwa chifu, nani alizaliwa naye msimu mmoja, na njaa ile watu walikula nini. Halafu nitaandika, maana fomu yake tayari ina mwaka wa uongo, na mwandishi wake ni mimi.

Wewe bibi yako alizaliwa lini?