Mji Wetu wa Lubumbashi: Jinsi Ulivyopimwa, na Nani Aliyehesabiwa

Ndugu Wakristu, na ninyi Mapadri mliotoka mbali kushangilia yubilei pamoja nasi, mmepita leo katika barabara zetu. Katikati ya mji mmeona njia pana, zilizonyooka, zenye kukutana kama mikono ya msalaba. Kisha, mlipokaribia mipaka ya mji, mmeona vijia vinavyopindapinda na kuishia ukutani mwa mtu. Tofauti hiyo ina historia yake, nayo inafaa ijulikane na kila mtu mwenye kujenga hapa.

Katika mwaka 1910 njia ya reli ilifika kwetu kutoka Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka ule ule Emile Wangermée, aliyetawala Katanga kwa jina la serkali ya Ubelgiji, alianzisha mji wa Elisabethville. Mji huo ulichorwa juu ya karatasi mbele ya kusimama juu ya udongo. Shaba ya kwanza iliyeyushwa mwaka 1911, na watu walikuwa wachache bado. Lakini wapimaji walikata barabara pana kupita mahitaji ya siku zile. Katika jambo hilo walitazama mbali, na sisi tunakula matunda yake.

Lakini hesabu yao ilikuwa na kasoro kubwa. Waliwahesabu Wazungu kuwa wenyeji, na watu weusi kuwa wapita njia: mfanyakazi atamaliza mkataba wake, atarudi kijijini kwake. Kuanzia mwaka 1921 wakaaji weusi walisogezwa ng'ambo ya eneo tupu lenye upana wa mamia ya mita, mahali penye Kamalondo ya leo. Sababu iliyotajwa ilikuwa mbu wa malaria, asije akaruka toka nyumba ya mweusi hata nyumba ya Mzungu. Sababu isiyotajwa sana ilikuwa ubaguzi. Hivi nafasi wazi, ambayo ni mali ya thamani katika kupanga mji, ilitumiwa kutenganisha watu.

Historia ilikataa hesabu hiyo. Karibu na mwaka 1928 Union Minière yenyewe iliona faida ya kuwaacha wafanyakazi wakae makambini pamoja na wake na watoto wao. Mtoto aliyezaliwa kambini hakuwa tena mpita njia. Mji ulikuwa kwao. Nyuma ya vita vya pili vya dunia serkali iliamka. Ukaja Mpango wa Miaka Kumi, 1949 hata 1959; na katika mwaka 1952 ikaundwa Ofisi ya Makao ya Waafrika. Katika miaka hiyo Katuba ilipimwa, watu wakapewa lupango na mkopo wa kujijengea wenyewe. Na Ruashi vilevile ikasimama. Tarehe 20 Juni 1957 ilitoka amri juu ya upangaji wa miji, ambayo iliongoza inchi yetu miaka mingi hata nyuma ya uhuru. Lakini uhuru wenyewe ulifika mwaka 1960. Basi wapangaji walianza kuwahesabu watu wote wakati walipokuwa karibu kuondoka.

Elisabethville iliitwa Lubumbashi mwaka 1966. Leo wakaaji wake wanakadiriwa kupita milioni mbili. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 ilitamka kwamba udongo wote ni mali ya Serkali. Lakini pembeni mwa mji, kama katika Komini Annexe, mara nyingi nyumba inatangulia na mpimaji anafuata. Bomba la maji linakosa pa kupita. Gari la mgonjwa linasimama mbali, naye anabebwa mgongoni. Mvua ya Januari inajichorea njia yake yenyewe katikati ya nyumba.

Watu wa zamani waliacha nafasi bila kuwahesabu watu. Sisi tunaongeza watu bila kuacha nafasi. Makosa ni mawili, lakini anayelipa ni yule yule: mtoto ambaye hajazaliwa bado. Mtu anayekata kiwanja cha masomo na kukiuza lupango kwa lupango, anauza kiti cha mtoto huyo. Anayejenga juu ya mfereji wa maji anamwachia jirani yake mafuriko.

Kwa hiyo, wapenzi, kupanga mji si kazi ya wenye ofisi peke yao. Kabla ya kununua, tuulize ramani na kuitazama kwa macho yetu. Kabla ya kuweka jiwe la msingi, tupime njia mbele ya lupango letu, na tuiache. Na viwanja vya kanisa, vya masomo, vya soko na vya makaburi tuvilinde, hata kama feza inayotolewa ni nyingi. Watakaoshangilia yubilei ijayo watahitaji mahali pa kukutanika na njia ya kufika.