Meja Notcutt na Sinema za Vugiri

Wanafunzi wetu hapa Ngagara hudhani kwamba sinema ilianza kusema Kiswahili juzi tu. Sivyo. Mwaka 1935 Mwingereza mmoja, Meja L. A. Notcutt, alipiga kambi Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika. Hapo kwanza alikuwa msimamizi wa mashamba ya katani, na tangu 1926 alikwisha kujaribu kupiga picha za kuwaburudisha vibarua, ili wawe radhi na kazi. Nia hiyo msomaji ataipima mwenyewe.

Kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, yeye na mwenziwe G. C. Latham walitengeneza picha 35 hadi 1937. Moja ilihusu akiba ya posta: mfanyakazi afukia mshahara wake ardhini, mwizi auchimbua, mwenziwe aliyeweka fedha posta asalimika.

Linalotuhusu sisi walimu ni sauti. Picha zilikuwa bubu. Maneno yalitiwa katika sahani za santuri. Sahani ikibadilishwa, picha ile ile ilisema Kiswahili, Kisukuma, Kiganda au Kinyanja. Hila njema, ingawa santuri ikichelewa kidogo maneno hupitwa na matendo. Waigizaji walikuwa Waafrika. Uamuzi wa lipi lisemwe ulikuwa wa wageni.

Mwaka 1937 serikali za kikoloni zilikataa kugharimia kazi hiyo, ikakoma. Mwaka huo huo Notcutt na Latham walitoa kitabu kuihusu, kwa Kiingereza.