Mbege, shayiri na tumbo langu

 Najua nimepotea. Mwezi mzima sijaandika neno, na sababu ni mbili tu: majaribio yalibana, na bumu lilikata mapema. Leo Jumapili hosteli imetulia, wengine wako kanisani, wengine wanafua, nami nimeona nilipe deni la swali ambalo nimeulizwa mpaka basi: "Mbona siku hizi tukikaa sehemu unaagiza soda? Umeokoka?"

Sijaokoka, na kunywa sijaacha. Kisa ni kirefu kidogo, na kwa kuwa mimi ni mtu wa Historia na Kiswahili, mtanivumilia nikikigeuza somo.

Mwaka wa kwanza wote niliumwa tumbo. Nikila chapati mbili asubuhi, ikifika saa nne nimejaa kama ngoma. Nilitibiwa taifodi, nikatibiwa minyoo, nikatibiwa vidonda vya tumbo, kila nilipokwenda na jibu lake. Washkaji mnakumbuka mlivyokuwa mnaniita "Sindano" kwa wembamba. Mwisho daktari mmoja akanipima damu, halafu nikamezeshwa ule mpira wenye kamera, ndipo ikajulikana kwamba utumbo wangu mwembamba umechubuka ndani. Ugonjwa unaitwa siliaki. Adui ni gluteni, protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai. Dawa yake ni moja: kuachana na nafaka hizo maisha yote. Chapati, maandazi, mkate, tambi, kwaherini. Na bia pia, maana karibu bia zote za chupa tunazozijua hutokana na kimea cha shayiri.

Basi nikaanza kutafuta mbadala. Duka moja mjini Arusha lilikuwa na saida ya Afrika Kusini, kile kinywaji cha tufaha zilizochachuliwa. Tufaha halina gluteni, kwa hiyo nikafurahi, hadi nilipoambiwa bei. Chupa moja ilikuwa sawa na chakula changu cha mchana cha siku mbili pale kwa mama ntilie. Nikairudisha kwenye friji taratibu, kama mtu aliyekuwa anasoma lebo tu.

Mambo yakawa magumu kweli Januari, dada yangu alipoposwa. Wageni walifika nyumbani kwetu Maji ya Chai na mbege yao. Wenye asili ya huku mnajua, kata ikipita na wewe ukaikataa, hujakataa kinywaji, umewakataa wao. Ikaja mpaka kwangu. Nikaishika, nikaitazama, nikasita. Baba mkubwa akanikazia macho. Nikagusisha midomo tu, sikumeza, nikapitisha. Wakwe waliona. Usiku nikaitwa.

"Mjukuu wangu, umemwonea aibu nani leo?" bibi aliniuliza.

"Shikamoo bibi. Sijamwonea mtu aibu. Daktari amenikataza pombe ya nafaka."

"Marahaba. Nafaka gani?"

"Ngano na shayiri."

Bibi alicheka mpaka akakohoa. "Na kwenye mbege yangu wewe uliona shayiri wapi?"

Wadau, nimesoma historia tangu darasa la tatu na swali hilo sikuwahi kujiuliza. Mbege ni ndizi na ulezi, basi. Ndizi zilizoiva hupikwa kwa masaa mengi mpaka zigeuke rangi, zikaachwa siku kadhaa zichachuke, kisha zikachujwa. Ulezi huloweshwa, ukafunikwa uote, ukaanikwa na kusagwa. Hicho ndicho kimea. Kinapikwa uji, unapoa, unachanganywa na ile maji ya ndizi. Uchungu kidogo hutoka kwenye gome la msesewe. Ulezi hauna gluteni. Ndizi haina gluteni. Mti hauna gluteni. Nilikuwa nimeiogopa kata ambayo kumbe iliniruhusu.

Nikarudi chuo nikaingia maktaba, na sasa nilikuwa na swali langu mwenyewe: ilikuwaje mpaka neno "bia" likawa na maana ya shayiri peke yake?

Ulezi ni nafaka ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, ni wa hapa hapa. Migomba ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki zamani sana, ikakubali udongo wa Meru na Kilimanjaro utadhani ilizaliwa hapa. Watu wa milima hii waliunganisha mgeni na mwenyeji kwenye chungu kimoja. Na sio sisi tu. Kagera wana rubisi ya ndizi na mtama, Iringa wana ulanzi wa mianzi, Upare wana dengelua ya miwa, Pwani wana tembo la mnazi. Ukiziangalia zote kwa jicho la mgonjwa wa siliaki, hakuna hata moja inayohitaji shayiri.

Bia ya chupa ni mtoto wa juzi. Nairobi kampuni ya Kenya Breweries ilianza 1922. Mwaka 1935 ikainunua Tanganyika Breweries, na 1936 jina likawa East African Breweries. Tanzania nayo ikaingiza mkono wa serikali kwenye kiwanda baada ya Azimio la Arusha la 1967, halafu 1993 ikarudi kwa mwekezaji wa Afrika Kusini. Shayiri ikalimwa huku huku kwetu kaskazini, Monduli na Karatu. Chupa ikawa maendeleo, kata ikawa ushamba. Kabla ya hapo mkataba wa Brussels wa 1890 ulikuwa umeshaweka vikwazo kwa biashara ya pombe kali ya Kizungu barani Afrika, na pombe zetu za asili zikaja kuwekewa leseni na ushuru wa vilabu. Yaani kinywaji chetu kiliingia kwenye vitabu vya serikali kama chanzo cha mapato au kama kero. Kama ufundi, sijakiona.

Na ufundi huo ulikuwa wa akina mama. Bibi aliniambia neno moja ambalo limekaa nami: baba yangu alisoma kwa mbege. Ada, sare, madaftari, vyote vilitoka kwenye pipa lile nyuma ya jiko. Kwa hiyo na mimi nisiyeimeza mbele ya wakwe, hata hili desa ninalolishika leo lina mzizi kwenye ulezi wa bibi. Tulifundishwa Kirilo Japhet aliyekwenda Umoja wa Mataifa 1952 kuitetea ardhi ya Wameru, na ni haki kabisa tufundishwe. Ila wanawake waliosomesha nusu ya wilaya kwa kata hawana hata aya.

Wenzetu huko nje wamefika kwenye jambo hili kwa mlango wa nyuma. Daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem-Karel Dicke, ndiye aliyeonyesha kwamba ngano inawadhuru wagonjwa wa siliaki. Wakati wa njaa ya 1944 na 1945 mkate ulipopotea, watoto hao walipata nafuu, na mkate uliporudi wakaumwa tena. Mwaka 2006 kampuni kubwa ya Marekani ikatoa bia ya mtama iitwayo Redbridge kwa ajili ya wasioweza gluteni. Bia ya mtama, wadau! Uganda ilikuwa imeshatoa Eagle ya mtama miaka michache nyuma yake, tena sababu haikuwa ugonjwa. Ilikuwa ni bei: mtama wa mkulima wa pale pale na nafuu ya kodi.

Sasa msije mkasema nimewadanganya, kuna tahadhari nne nimejifunza kwa kuumia.

Kwanza, bia kuandikwa "mtama" haina maana kwamba shayiri haimo. Soma lebo, na isipoeleza, iache. Kipimo cha kimataifa cha chakula "kisicho na gluteni" ni kisizidi miligramu 20 kwa kilo, na kiasi kidogo hivyo hukioni kwa macho.

Pili, mashine ya kusaga. Mashine ileile inayosaga ulezi husaga unga wa lishe, na ndani ya lishe watu huweka ngano. Mara ya kwanza nilikunywa mbege ya dukani nikaumwa siku tatu. Sasa bibi anasaga debe la mahindi kwanza kusafisha mashine, ndipo ulezi wangu unafuata. Mahindi yale wanakula kuku.

Tatu, maji. Mto wetu unaitwa Maji ya Chai kwa rangi yake, na una madini mengi ya floraidi. Mnaona meno ya kahawia ya watu wa huku, sio uchafu yale. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na kuchemsha hakuiondoi floraidi, kunapunguza maji tu na yenyewe inabaki. Bibi hupikia mbege yangu maji ya mvua kutoka kwenye simtanki. Kinywaji kinaweza kukosa gluteni na bado kikakudhuru kwa njia nyingine.

Nne, kama tumbo lako ni zima, usiogope chapati kwa sababu yangu. Na kama linauma kila siku, kapime, usijitibu kwa kusoma habari zangu.

Kwa wa mjini wasio na bibi, ipo mvinyo ya ndizi ya Banana Investments, kampuni ya hapa hapa Arusha. Bei yake mwanafunzi anaiweza hata wiki ya mwisho kabla ya bumu. Lebo ile ile, someni.

Harusi ya dada ilikuwa Jumamosi iliyopita. Bibi alipika mapipa mawili, moja la watu na moja dogo alilolifunga kitambaa chekundu ili lisichanganywe. Kata ilipozunguka, baba mkubwa akachota kwenye lile dogo, akanywa yeye kwanza, akawapa wakwe, ndipo akanipa mimi. Hakusema kitu. Nikameza mpaka chini.

Nikimaliza chuo nikapangiwa shule, kipindi changu cha kwanza cha Historia Kidato cha Kwanza kitaanza na konzi ya ulezi mezani. Mkaguzi akija atanikuta nayo.

Ni hayo tu kwa leo, wadau. Jumatatu nina jaribio na sijagusa kitu. Tuendeleze libeneke.