Agano Mlangoni, Neno Madhabahuni

Mtoto wa msharika anapofunga ndoa bomani, wazazi wengi huona haya. "Hata wimbo mmoja wa kitabuni haukuimbwa? Hata somo moja la Biblia?" Historia inatusaidia kulijibu swali hilo bila kumdharau mtu.

Tutazame Uingereza. Kwa sheria ya mwaka 1753, karibu kila mtu alilazimika kufunga ndoa katika Kanisa la Anglikana. Wayahudi na Wakweka tu ndio walioachwa wafuate taratibu zao. Wabaptisti, Wakatoliki na hata wasioamini walisimama mbele ya madhabahu isiyo yao, wakatamka maneno ambayo pengine hawakuyasadiki. Sheria ya 1836 iliwafungulia mlango: mtu aliweza kufunga ndoa mbele ya msajili wa serikali. Kisha mwaka 1856 ukawekwa mpaka, kwamba ibada ya dini isifanyike katika ofisi ya msajili.

Mpaka huo ungalipo. Sheria ya 1994 iliporuhusu ndoa za kiserikali katika hoteli na majumba ya kale, maharusi walitaka muziki na masomo mengi zaidi, na wasajili wakalazimika kupima kila wimbo. Mwaka 2005 kanuni zililegezwa kidogo. Wimbo wa kawaida au shairi linalomtaja Mungu kwa kupita tu linakubaliwa. Nyimbo za ibada na masomo ya Maandiko Matakatifu hayakubaliwi.

Lakini mpaka huo hauko wazi kama unavyodhaniwa. Muziki wa Mendelssohn ambao maharusi wengi hutoka nao kanisani aliutunga mwaka 1842 kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wa Shakespeare. Ule wa Wagner, ambao bibi harusi huingia nao, umetoka katika opera yake ya Lohengrin ya mwaka 1850. Kwa upande mwingine, shairi la 116 la Shakespeare, lililochapishwa 1609, hupendwa sana katika ndoa za kiserikali, na mwanzo wake unarejea neno la ibada ya ndoa ya Kianglikana kuhusu vizuizi vya ndoa. Basi jukwaa la maigizo limeingia kanisani, na kanisa linasikika mbele ya msajili.

Sisi Walutheri tusishtuke. Mwaka 1529 Martin Luther aliwaandikia wachungaji wa kawaida kijitabu cha ndoa. Humo alifundisha kwamba ndoa ni jambo la maisha ya dunia, na kila nchi ina desturi zake. Mchungaji asiwatawale watu katika hilo, bali awabariki na kuwaombea wanapomwomba. Kisha akapanga ibada katika sehemu mbili. Maharusi waliulizwa, wakakubali na kuvishana pete mbele ya mlango wa kanisa. Baada ya hapo ndipo walipofika madhabahuni kusikiliza Neno: Mwanzo 2, Waefeso 5, Mwanzo 3, Mwanzo 1 na Mithali 18.

Tazameni somo la tatu. Katikati ya furaha, Luther aliweka habari za uchungu, jasho na miiba. Hakuchagua masomo ya kupamba sherehe. Alichagua yatakayowafaa wawili hao siku mambo yatakapokuwa magumu.

Hapa kwetu pia, Sheria ya Ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya kiserikali sawa na ya kidini. Kijana wako akienda bomani, usimshauri apenyeze zaburi kwa siri ili wewe usione haya. Msaidie kuchagua maneno ya kweli, ambayo yeye na mwenzake wanaweza kuyaishi. Agano lao ni agano. Mungu husikia hata mlangoni. Kisha uwaambie, kwa upole na bila masharti ya aibu, kwamba madhabahu ipo, na Neno linawangoja.