Kumbe Gia za Baiskeli Zilipigwa Marufuku Tour de France!

Wadau, unabonyeza gia, cheni inahama, unaona kawaida tu. Tour de France ilianza 1903, na bosi wake wa kwanza alizichukia gia kinoma, aliona ni mambo ya wazee. Basi wakali wakifika mlimani wanashuka, wanafungua nati, wanageuza gurudumu la nyuma: upande mmoja meno ya tambarare, upande wa pili meno ya mlima. Na baridi ile ya milimani! Unahangaika na nati, mwenzako keshapita.

1936 bosi akaugua, akaachia usukani. 1937 gia zikaruhusiwa, na bingwa wa mwaka huo alizitumia.

Ila zilitaka sikio. Unasukuma kijiti taratibu mpaka cheni iache kukwaruza. Waya ukilegea, mkono wako unafidia. 1984 Shimano wakaleta gia za "klik", kila klik na sehemu yake. Tamu, ila hapo mkono hauokoi tena. Waya ukilegea kidogo tu, cheni inagoma kupanda kwenye meno makubwa. Ndo maana kuna kile kijinati cha kuzungusha kwa vidole, pale waya unapoingilia nyuma: nusu mzunguko kinyume cha saa, kanyaga, sikiliza. Bado inakwaruza? Ongeza kidogo.