Kelele za Iyunga na kina cha mwamba

Ardhi ya Iyunga, jijini Mbeya, haitulii. Malori ya Tunduma hupita mchana na usiku, mabehewa ya mizigo ya TAZARA yanaelekea Zambia, na hata vyote hivyo vikikoma, udongo unaendelea kutikiswa na mawimbi ya bahari iliyo mamia ya kilomita kutoka hapo. Binadamu hausikii mtikisiko huo. Chombo kinausikia, na kwa miaka mingi wataalamu waliuona kero tu, kwa kuwa ulifunika matetemeko waliyoyatafuta.

Wa kwanza kuufuatilia kwa makini alikuwa Timoteo Bertelli, padri wa Florence, Italia. Katika miaka ya 1870 alitazama timazi kwa hadubini, akaona inachezacheza hata pasipo tetemeko, na kwamba huzidi pale hali ya hewa inapochafuka. Sababu yake ilikuja kuelezwa kwa hesabu mwaka 1950 na Mwingereza Michael Longuet-Higgins: mawimbi ya bahari yanapokutana uso kwa uso, yanaigandamiza sakafu ya bahari, na ardhi huusafirisha mshindo huo hadi bara.

Wajapani ndio walioigeuza kelele hiyo kuwa kipimo. Keiiti Aki alionyesha mwaka 1957 jinsi ya kupata mwendo wa mawimbi ardhini kwa kulinganisha kelele za vyombo vilivyopangwa karibu karibu. Njia nyepesi zaidi ilienezwa mwaka 1989 na Yutaka Nakamura, na msomaji wa Iyunga atapenda kujua kwamba huyu alikuwa mtu wa reli, mtafiti wa taasisi ya utafiti wa reli nchini kwake.

Kazi yenyewe haina makeke. Chombo kidogo chenye miguu mitatu kinawekwa chini, kinasawazishwa kwa pimamaji, kisha watu wanajitenga nacho kwa nusu saa hivi. Ndani yake mna vihisi vitatu: kimoja cha juu-chini, viwili vya ulalo. Udongo laini uliokaa juu ya mwamba mgumu huyumba zaidi kwa ulalo, tena kwa mapigo yake wenyewe, kama ngoma: kubwa hunguruma, ndogo hulia kwa sauti nyembamba. Tuseme mawimbi yanapita udongoni kwa mita 200 kwa sekunde na mapigo ni 2 kwa sekunde. Gawa 200 kwa mara nne ya 2, unapata mita 25 hadi kwenye mwamba. Mapigo yakishuka hadi 1, kina ni mita 50.

Hesabu hiyo rahisi ina mtego. Ukikosea mwendo, umekosea na kina, ndiyo maana kisima kimoja kilichochimbwa karibu kina thamani kubwa. Na Mbeya si mahali pepesi: mlima Rungwe ulirusha majivu na mawe mepesi kiasi cha miaka 4,000 iliyopita, na kuzunguka mlima huo kuna mahali ambapo lava ngumu imelalia majivu laini. Hapo chombo kinaweza kumdanganya mtaalamu.

Kwa kina kikubwa zaidi, kelele imekwisha kutumika huku. Kati ya 2013 na 2015 mradi wa SEGMeNT uliweka vipimatetemeko kuzunguka Rungwe na kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Kwa kulinganisha kelele za kituo na kituo, pamoja na mawimbi ya matetemeko ya mbali, watafiti walitoa ramani mwaka 2017: chini ya volkano za Rungwe mawimbi yanapunguza mwendo sana, dalili ya joto jingi huko chini.

Bonde la Ufa, ambamo Mbeya imo, si la kuchezea. Tetemeko la Rukwa la Desemba 1910 lilikaribia ukubwa wa 7.4. Na Mexico City ilionyesha mwaka 1985 kinachofanywa na udongo laini: kitovu cha tetemeko kilikuwa zaidi ya kilomita 300 kutoka jijini, lakini udongo wa ziwa la kale uliyumba kwa mapigo yaleyale ya majengo ya ghorofa kadhaa, na maelfu wakafa.

Kupima kata nzima kwa chombo kile cha miguu mitatu ni kazi ya siku chache, bila baruti na bila kuchimba. Unayetaka kuinua ghorofa Iyunga, muulize mhandisi wako kina cha mwamba kabla zege halijamwagwa.